Mashavu ya Baltazar

Pikapu ya usipa, dagaa wa ziwani, ilikuwa imeshamaliza tambarare na kuanza kung'ang'ana na milima ndipo Ida alipokumbuka kwamba hakumuaga mama mkwe wake. Basi tena. Alikuwa amekaa juu ya magunia, Glorious kamweka katikati ya mapaja, kichwa cha mtoto kimefungwa kitenge kuanzia utosini mpaka chini ya kidevu. Jua lilikuwa kali na mtoto anatoka jasho, lakini Ida hakukilegeza. Mbele yao alikaa mama mmoja na mwanawe wa kunyonya, na uso wa yule mchanga ulikuwa umefunikwa kanga. Si kwa sababu ya upepo. Gari lilikuwa bado limesimama Mbamba Bay alipomfunika, mara tu alipomuona Glorious.

"Mama," Glorious alisema kutoka ndani ya kitenge, "yule mtoto ana nini?"

"Amelala."

"Mbona kafungwa kama mimi?"

Yule mama akatazama pembeni. Ida akamwambia mwanawe anyamaze, atameza inzi.

Glorious alikuwa na miaka sita. Alizaliwa mzuri, uso mdogo kama wa mama yake, na mpaka anaanza kusema sentensi nzima hakuwa na kasoro. Kisha taya likaanza kujaa. Kulia na kushoto, sawasawa, taratibu, kama mtu aliyetia kiazi huku na kiazi huku akasahau kutafuna. Mashavu yalipozidi yakazivuta ngozi za chini ya macho, weupe wa jicho ukaonekana, ikawa kila wakati mtoto ni kama anatazama kitu kilichoko juu ya kichwa chako. Meno yaliota kombo, mengine hayakuota. Zahanati walidhani ni usaha, wakampa vidonge vya antibayotiki, wakang'oa mawili. Uvimbe haukujali.

Pale ufukweni watu walishaupa jina. Kansa. Walilisema kwa sauti ya chini wakinunua maandazi ya Ida, na siku hizi walinunua machache. Mama mkwe wake, bibi Hildegardi, alikuwa amepata habari za mganga ng'ambo ya ziwa, upande wa Malawi, anayechanja mashavu kwa wembe na kukamua ugonjwa mpaka uishe. Nathanieli, mumewe Ida, hakusema ndiyo wala hapana. Alikuwa mtu wa kushona nyavu. Ukimuuliza jambo zito alitafuta tundu la kuziba.

Kilichompa Ida njia ya kutoka ni kifo. Shangazi yake Vitalia alifariki kwao Mkumbi, wa mwisho aliyekuwa amebaki katika tumbo moja na marehemu baba yake, mzee Baltazar. Hakuna mkwe anayeweza kumzuia mwanamke asiende kumzika shangazi. Nathanieli akampa nauli, halafu akamshika mkono akaongeza nyingine iliyokuwa ya kununulia uzi.

"Ukishazika, pitia hospitali ya Mbinga," alisema akitazama chini. "Mama nitamwambia mimi."

*

Huko juu kulikuwa na baridi na harufu ya kahawa mbichi. Wafiwa wanawake walijaa ndani kwenye mikeka, wanaume nje kwenye moto, na katikati ya uwanja alikuwa mzee Stephano, mtani.

Ukoo wa Stephano na ukoo wa kina Ida walitaniana tangu enzi ambazo hakuna aliyezihesabu. Msiba wa huku ulikuwa mali ya kule, na wa kule mali ya huku. Mtani ndiye anayeingia kaburini kulipima kwa kulala, ndiye anayechukua jembe la marehemu na kudai ni lake, ndiye anayemuigiza mpaka watu wacheke huku kamasi zinawatoka. Akikutukana unamrudishia, ukishindwa unamtupia chochote akunyamazie. Kitu kimoja tu hakipo: kukasirika. Anayemkasirikia mtani ni kama amemfukuza msibani, na msiba usio na mtani unakuwa kama ugali bila mboga.

Siku ile mzee Stephano alikuwa amevaa sufuria kichwani na kanga kiunoni, anatembea kwa mwendo wa Vitalia, mguu mmoja ukiburuta, anapiga chafya ya ugoro. "Nani kaiba kuku wangu?" alipaza sauti nyembamba. "Hyasinti! Ni wewe! Manyoya yako menoni!" Hyasinti, kaka yake Ida, alicheka mpaka akashika mti.

Ndipo kilipoletwa chakula. Ida akamfungua Glorious kitenge ili amlishe maharage aliyoyaponda, akaupa uwanja mgongo. Haukutosha kumficha. Stephano alikuwa amesimama juu ya kichwa chao.

Sufuria ikamshuka mpaka kwenye nyusi. Akapiga magoti mbele ya mtoto.

"Eeeh! Baltazar!" alipiga ukelele. "Kumbe ulikwenda kujificha ziwani! Shikamoo mwizi wa mapera! Jamani njooni mtazame, mashavu ni yale yale! Mleteeni kiazi cha tatu, viwili ameshavitia!"

Wengine walicheka, ni mazoea. Glorious akamtazama yule mzee kwa macho yake ya kwenda juu, asijue acheke au alie.

Ida hakuwahi kumpiga mtu maishani. Alijikuta amesimama, beseni la kunawia liko mkononi, na maji yote yameshamwagika kifuani kwa mzee.

"Mtu mzima huna haya! Mtoto ananifia mkononi, wewe unacheka!"

Mzee Stephano akanyanyuka polepole, akavua sufuria, akafungua kanga na kuikunja vizuri kama mwanamke anayeiweka sandukuni. Akamkabidhi Hyasinti.

"Haya," alisema. "Mtani amekataliwa."

Akaondoka zake, maji yakimchuruzika kwenye koti. Walimzika Vitalia bila yeye. Kijana mmoja wa ukoo wao alijaribu kushika nafasi, akasimulia kituko kimoja akakisahau katikati. Kina mama walipotoka kaburini hawakumtazama Ida. Hyasinti alimvuta nyuma ya nyumba.

"Wewe, kule ziwani mnaishije? Mtani anamwagiwa maji?"

"Alimcheka mwanangu."

"Alimtania! Huyo ni mjukuu wake wa utani. Angemnyamazia ndiyo ungejua kaona maiti."

*

Daktari wa meno wa hospitali ya Mbinga aliitwa Abdulhamid, kijana mrefu mwenye mikono baridi, na kitu cha kwanza alichokifanya ni kumuomba Glorious ruhusa. "Naomba kukushika shavu, dada." Glorious akaangalia nyuma kutafuta dada ni nani.

Alimpapasa taya kote. Aliuliza kama panauma, hapaumi. Aliuliza imeanza lini, na aliposikia ni tangu akiwa mdogo wa miaka mitatu hivi, akatikisa kichwa kwa namna ambayo Ida hakuielewa. Wakampiga picha ya eksirei. Daktari akaishika juu ya dirisha, na hata Ida, ambaye hajui kusoma vitu hivyo, aliona: mfupa wa mwanawe ulikuwa na matundu matundu kama mapovu ya sabuni, pande zote mbili.

"Sema tu, daktari. Nimeshalisikia hilo jina."

"Kaa kwanza, mama." Akavuta kiti chake karibu. "Huku kwetu mtoto akivimba taya, la kwanza tunaloogopa ni saratani. Lakini saratani ile ya watoto ina haraka. Haisubiri miaka. Na mara nyingi haigawi sawasawa kulia na kushoto namna hii. Mimi nahisi hii ni kitu kingine. Kuna ugonjwa wa mifupa ya taya unaorithiwa. Ni wa nadra, nimeusoma, sijawahi kuuona kwa macho."

"Unapona?"

"Mara nyingi unatulia wenyewe mtoto akishabalehe. Mfupa unajijaza." Ida alifungua mdomo, daktari akainua mkono. "Subiri. Siwezi kuamua kwa kuhisi. Nitakata kipande kidogo kipelekwe kwenye darubini. Ila kipande peke yake hakisemi yote. Kinaweza kufanana na uvimbe ambao dawa yake ni kuondoa taya. Hospitali kubwa wakiona kipande tu, bila historia, wanaweza kumkata mtoto bure. Kwa hiyo nakuuliza, na ufikiri vizuri: kwenye ukoo, kwako au kwa mumeo, kuna aliyewahi kuwa na mashavu hivi utotoni?"

"Hakuna."

"Baba yake?"

"Nimeona mpaka picha yake ya komunyo. Uso kama mundu."

"Wewe?"

"Mimi unaniona."

"Wazazi wako?"

"Mama yuko Kitura, hana lolote. Baba alifariki nikiwa darasa la tatu. Hakuwa na ugonjwa wowote wa uso."

Daktari akashusha pumzi, akachukua kalamu. Miguu ya Glorious ikawa inagonga kiti.

"Yule babu wa sufuria," Glorious alisema, maneno yakimtoka kwa shida kama kawaida yake, "aliniita Baltazar."

"Nyamaza, mama."

"Mwache aseme," daktari alisema. "Baltazar ni nani?"

Ida akayatazama mashavu ya mwanawe. Alikuwa anasikia upya, neno kwa neno, yale aliyoyamwagia maji. Si kwamba mzee alimfananisha na mnyama, wala na mzimu. Alisema mashavu ni yale yale.

*

Alimkuta mzee Stephano nyumbani kwake, juu ya kilima chenye ngoro, mashimo ya kulimia ya kule, yaliyochimbwa yakapangika vizuri kama mkeka, anageuza kahawa kwenye kichanja. Koti lilikuwa limekauka.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mama. Karibu sana mgeni wetu. Kiti kile pale."

Ida alihisi kama kapigwa kofi. Mzee aliyewahi kumwita komba, gunia bovu, mke wangu mbovu wa nne, leo anamwita mgeni wetu. Heshima ile ilikuwa baridi kuliko ukungu wa pale mlimani.

"Babu, nimekuja kuomba radhi."

"Radhi ya nini, mama? Mgeni hakosei."

"Nina shida. Daktari anataka kujua habari za baba utotoni. Ni wewe tu uliyebaki."

"Mimi ni mzee, mama. Nimesahau mengi." Akageuza kahawa. "Msalimie mumeo."

Ida akakaa, akakunja mikono. Glorious alikuwa mgongoni kwa Hyasinti, wamebaki chini ya kilima. Angepiga magoti, angelia, lakini alijua machozi hayawezi kumtoa mzee huyu alipo. Machozi ni ya watu wengine. Kati ya ukoo huu na ule kulikuwa na lugha moja tu, na yeye tangu mwanawe alipoanza kuvimba hakuwa ameisema hata kwa mumewe. Akajaribu kukumbuka inaanzaje.

"Hii ndiyo kahawa?" sauti ilimtoka kavu. "Mimi nilidhani mbuzi wamepita hapa."

Mkono wa mzee ukapunguza mwendo. Hakugeuka.

"Tena mbuzi mgonjwa," Ida aliendelea. "Na... na hilo koti. Nani alikufa ukamvua kabla hajapoa?"

"Baba yako," mzee alisema bila kugeuka. "Na lilikuwa limeshatoboka. Alikuwa anakwaruza mgongo ukutani kama nguruwe."

Ida akacheka. Kilikuwa kicheko kibaya, chenye mikwaruzo, na nusu yake kilikuwa kilio, akashindwa kukizuia chote. Mzee Stephano akageuka, akamtazama, akaacha kahawa, akaja kukaa chini karibu na miguu yake.

"Maji yenyewe yalikuwa ya kunawia," alisema. "Yenye mafuta. Ungenimwagia safi."

"Safi ya nini kwa mtu asiyeoga?"

"Haya. Sasa umerudi." Akampa kona ya koti afutie uso. "Tulichunga pamoja, mimi na baba yako. Mashavu yake yalikuwa kama hayo hayo ya mtoto, na macho hivyo hivyo, anatazama mawingu. Mimi ndiye niliyempa jina la Chura. Na mwingine yeyote aliyemwita Chura, nilimvunja meno. Mama yake alimpeleka kwa kila mtu mwenye majani. Halafu siku moja sauti ikaanza kumkwama, ndevu mbili zikatoka, na mashavu yakaanza kushuka. Taratibu. Alipooa wewe mwenyewe ungemuona: taya pana kidogo, basi. Wenzetu waliojua wamekufa. Nani angekumbuka? Mtu akipona hasimuliwi."

"Kwa nini hukusema hivyo msibani?"

"Nilisema," mzee alijibu kwa mshangao. "Nilisema mbele ya watu wote."

*

Mbele ya daktari, mzee Stephano alikataa kuketi mpaka shauri lake lisikilizwe.

"Kabla ya yote, daktari, huyu mwanamke alinimwagia maji. Una dawa ya hilo?"

"Ya maji hatuna, mzee."

"Hospitali gani hii!"

Kisha akaeleza, na daktari akamuuliza swali baada ya swali. Yalianza kabla ya shule au baada? Kabla. Pande zote? Zote. Yaliuma? Hapana, aliumwa alipochekwa tu. Kuna mwingine? Mzee akafikiri, akasema shangazi yake Baltazar, aliyeolewa Ukata, walimsema naye alikuwa hivyo, ila yeye hakumuona. Daktari aliandika yote, akawa anaandika kwa kasi, na sikio lake likawa jekundu kidogo kama la mtu aliyepata barua nzuri.

"Ugonjwa wenyewe," alimwambia Ida, "kwa kizungu umepewa jina la wale malaika wadogo wa kwenye picha za makanisani. Wenye mashavu, wanatazama juu. Mimi sijawahi kuwaona, ninyi ndio mnaowajua."

Ida aliwajua. Walikuwa juu ya altare, wamepakwa rangi ya waridi.

"Sasa sikiliza. Kipande nitachukua, kwa sababu sitaki kukisia. Nitaandika historia hii yote iende nacho. Meno yaliyolegea tutayatoa. Kila miezi michache umlete nipime macho na pumzi yake. Uvimbe ukisukuma macho, au ukimzuia kupumua, hapo ndipo atakatwa, na ni kupunguzwa tu. Lakini wembe wa mtu mwingine yeyote usiguse mashavu haya. Umenielewa?"

"Nimeelewa." Akasita. "Lakini umesema unarithiwa. Kutoka kwa baba yangu."

"Ndiyo."

"Ukapita kwangu."

"Ukapita kwako bila kujionyesha. Wanawake wengine hubeba hivyo."

"Kwa hiyo ni mimi."

Daktari Abdulhamid akamtazama mtoto, akamtazama mama. "Na hii pua yake ni yako vile vile. Umeshamuomba radhi kwa ajili ya pua?"

"Pua yenyewe ni ya kuombea radhi," mzee Stephano akadakia, na Glorious akacheka, mara ya kwanza Ida kumuona akicheka mbele ya mtu mgeni. Meno yalikuwa yameelekea kila upande.

Majibu yalichukua muda. Ida alikaa kwa kaka yake, akachuma kahawa, akaamka kila asubuhi akimpapasa mtoto taya gizani. Siku daktari alipopiga simu, alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, kisha akampigia mumewe.

"Wamesemaje?" Nathanieli aliuliza.

"Wamesema si kansa."

Upepo wa ziwa ulivuma kwenye simu.

"Rudia."

"Si kansa, baba Glorious."

"Rudia tena. Niko nje, kuna upepo."

Akarudia. Akamweleza kwamba ni ugonjwa wa kurithi, umetoka kwa mzee Baltazar, ukapita kwake yeye. Safari hii Nathanieli hakutafuta tundu la kuziba.

"Amekula?" aliuliza mwisho.

"Amekula."

"Nakuja kuwachukua. Nakuja mwenyewe."

*

Mzee Stephano alikufa mwaka uliofuata, wakati wa mvua. Ida alipanda kutoka ziwani kwenda kumtania, akafanya hivyo mpaka sauti ikakauka.

Bibi Hildegardi hakukubali kwamba ugonjwa unaweza kuachwa tu. Alimpelekea mganga wa ng'ambo habari kwamba mtoto hatakuja, na mpaka leo akiona mashavu yale anaguna. Hyasinti yuko Mkumbi; bei ya kahawa ikipanda anapaua nyumba, ikishuka anaezua auze mabati. Daktari Abdulhamid alihamishiwa Tunduru. Anayo picha ya taya la Glorious, aliomba ruhusa ya kuwaonyesha wanafunzi.

Nathanieli aliuza mtumbwi akanunua mwingine mdogo. Walipata mtoto wa kiume, Zabron. Alipofika miaka minne mashavu yakaanza, na Ida akampeleka Mbinga mwezi huo huo. Daktari mpya akampiga picha, akaandika, wakarudi nyumbani. Ida bado anakaanga maandazi. Wateja walirudi, isipokuwa wawili.

Glorious yuko kidato cha pili. Shavu la kulia limeanza kushuka, la kushoto bado. Jicho moja halikurudi sawa. Meno manne ya chini hayakuota kabisa na hayataota. Anapenda hesabu, hapendi kuamka mapema, na mahindi ya kuchoma anayakata kwa kisu.